Ukurasa Unaosema Katikati

Shinyanga Mjini
14 Julai 2025

Shemeji Mama Salome,

Shikamoo. Habari za Mwakitolyo na vumbi lake la machimboni? Nakuandikia barua pepe kwa sababu jana nilipiga simu ikakatika kabla hujamaliza kuniitikia, na kaka Eliya simu yake anaijua kwa kusikilizia nyimbo tu. Katika nyumba hiyo wewe ndiye uliyefika kidato cha nne na wewe ndiye unayemsomea, kwa hiyo mzigo huu nakutua wewe.

Maelekezo ya Pumua yamekamilika. Kile kipimio cha hewa nilichompa kaka alipokuja Pasaka, sasa kina maelezo yake yote kwenye tovuti: namna ya kukifunga kwenye kamba, namna ya kuunganisha waya na simu, na maana ya kila rangi. Ikiwaka kijani hewa ni nzuri, watu washuke. Njano, wasubiri. Nyekundu, mtu asitie hata mguu, awe na haraka gani.

Nikueleze kidogo kuhusu tovuti yenyewe maana imenitoa jasho. Ni tovuti tuli. Yaani kurasa zake hazitengenezwi upya kila mtu anapozifungua. Mimi naziandika hapa kwa maneno ya kawaida, programu inazigeuza kuwa kurasa kamili, nazichapisha, basi. Zinakaa vilevile mpaka nichapishe tena. Ndiyo maana ni nyepesi, hata mtandao wa kuchechemea kama wa kwenu unaifungua. Martina, tunayefanya naye mradi huu, ananicheka kwamba naisifia tovuti kuliko kipimio.

La muhimu msilisahau: wakishalipua mwamba, kipimio kiteremshwe mpaka katikati ya duara lao, nusu ya kina cha shimo, kikae hapo mpaka rangi itulie, ndipo mtu ashuke. Chini ya kila ukurasa kuna anwani hii ninayokuandikia. Mkiona kosa au mkikwama, niandikieni hapa hapa.

Msalimie kaka na umkazanie. Nampenda akiwa juu ya ardhi.

Shemeji yako,
Donatus


Mwakitolyo
19 Julai 2025

Shemeji Donatus,

Marahaba. Nianze na kukuchokoza: umetaja tovuti mara nyingi, mtoto hukumwulizia hata mara moja. Salome hajambo, ameng'oka jino la mbele, anaongea kama bibi yake.

Nimemsomea kaka yako yote. Nilisoma huku nachambua maharage, na wenzake wa duarani walikuwa wamekaa kwangu wanasubiri ugali, kwa hiyo walisikia wote, hata Onesmo msimamizi wao, ambaye kwa kawaida hasikilizi la mtu. Mwanzo walicheka kwamba kijana wa mzee Mabula anataka kuwafundisha kupumua. Nilipofika kwenye nyekundu wakaniambia nirudie. Mwaka jana duara la jirani lilitoa maiti ya mtu aliyeshuka mzima anapiga mluzi, na kila mmoja hapa alimjua.

Basi juzi wamelipua, wakateremsha kipimio katikati kama ulivyoandika, kikawaka kijani, wakashuka. Jana vilevile. Kaka yako siku hizi anatembea na simu mkononi kama bwana shamba, na watu wa maduara mengine wanakuja kumwomba awapimie. Usiku analala, halafu mimi nalala. Zamani akisema "leo tunalipua" mimi nilikuwa siunguzi maharage tu, naunguza na sufuria. Wabeja, asante sana kwa hilo, shemeji, nakwambia kutoka moyoni.

Na tovuti yako kweli ni nyepesi. Inafunguka hata bando likiisha. Hiyo nimeipenda kuliko yote.

Ila Gregory, yule mrefu mnayetaniana naye, jana alipopanda alilalamika kichwa kinamgonga na miguu haina nguvu. Wakasema ni pombe. Nami nikasema ni pombe, maana namjua.

Shemeji yako,
Euphrasia


Shinyanga Mjini
20 Julai 2025

Shemeji,

Shikamoo. Habari ya Gregory imenitoa usingizini. Tafadhali, hiyo "katikati" iacheni kuanzia leo.

Ni kweli mwanzo niliandika katikati, na hata kwenye barua niliyokutumia nilisema hivyo. Lakini kesho yake Martina alikijaribu kipimio kingine kwenye kisima kikavu cha kwao Old Shinyanga. Katikati kikawaka kijani, chini kikawaka nyekundu. Hewa mbaya ni nzito, inatuama chini kama maji mtungini. Mtu anashuka kwenye kijani anakwenda kusimama kwenye nyekundu. Siku hiyo hiyo nikabadilisha ukurasa na kuchapisha upya. Sasa unasema: "Teremsha kipimio mpaka kamba ilegee, kifike chini kabisa."

Sikukuandikia kwa sababu nilijua mnaufungua ukurasa kila mnapopima, mtaona wenyewe. Mbona mmepima siku zote mbili kwa maneno ya zamani? Hebu ufungue tena umsomee kaka leo hii.

Donatus


Mwakitolyo
23 Julai 2025

Shemeji,

Nimefungua. Nimesoma kwa sauti, mbele ya watu, wamekaa na sahani zao. Ukurasa unasema: "Teremsha kipimio mpaka katikati ya duara, kikae hapo mpaka rangi itulie." Chini yake jina lako na jina la Martina.

Nikamwambia kaka yako, Donatus amesema ni chini kabisa. Akaniuliza, "Imeandikwa chini?" Nikasema hapana, imeandikwa katikati. Akaniuliza, "Sasa mama, unanisomea au unanitungia?" Walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Mimi nikabaki nimeshika simu kama mtu aliyekamatwa na kuku wa jirani.

Nimesoma tena peke yangu nyuma ya jiko, neno kwa neno, kidole juu ya kioo. Katikati. Kama umechoka, lala, halafu uamke unieleze vizuri. Hapa si shuleni, ukikosea unasahihishiwa. Hapa ni baba wa mwanangu anayeingia kwenye shimo.

Euphrasia


Shinyanga Mjini
24 Julai 2025

Shemeji,

Shikamoo. Sikukasirikii, ila nimechanganyikiwa sawasawa na wewe. Nimekaa mbele ya kompyuta nausoma ukurasa, unasema chini. Nimeufungua kwenye simu yangu, unasema chini. Kwenye simu ya Martina, chini. Nimekwenda mpaka dukani nikaazima simu ya mama muuza duka, naye akaniangalia kama mwizi, unasema chini. Kisha nikaichapisha tovuti nzima upya, pengine kuna kitu kilikwama njiani. Bado kwangu ni chini na kwako ni katikati, na ukurasa ni mmoja.

Martina anadhani kivinjari cha simu yako kimetunza ukurasa wa zamani. Ingia kwenye mipangilio, tafuta kivinjari, futa kumbukumbu yake, halafu ufungue tena. Na unipigie picha ya unachokiona unitumie.

Lakini mambo ya kivinjari yasubiri. Mwambie kaka tu: chini. Mwambie ni mimi niliyesema.

Donatus


Mwakitolyo
29 Julai 2025

Shemeji,

Nimefuta kumbukumbu kama ulivyoniagiza. Sijui nilibonyeza wapi, zimekwenda na picha za ubatizo wa Salome. Nimelia, halafu nimefungua ukurasa wako. Katikati.

Picha haipandi. Mtandao wa hapa unabeba maneno tu, na hayo mpaka nipande kule mlimani kwenye mawe ndipo yaondoke. Kwa hiyo nikafanya lingine. Nikaomba simu ya Onesmo: katikati. Simu ya Gregory: katikati. Fundi wa karasha, yeye hata hashuki duarani, anasaga mawe tu, naye anayo: katikati. Wengi wape, shemeji. Wewe peke yako na Martina wako ndio mnaona chini.

Nimemwambia kaka yako kwamba ni wewe uliyesema. Amenijibu taratibu, maana akikasirika ndipo anakuwa mpole: "Mwenye kitu hajui alichokiandika. Sisi tunafuata kilichoandikwa." Nikasema basi washushe mpaka chini, itawapunguzia nini? Onesmo akadakia kwamba chini kuna maji, na ukurasa wenyewe umekataza kipimio kuguswa na maji. Nikaangalia, ni kweli umekataza.

Naogopa na sijui namwogopa nani. Kati yako na ukurasa mmoja ananidanganya, na wote mna jina moja.

Halafu kuna hili. Imetokea rashi, watu wanakimbilia dhahabu mpya upande wa Nyang'hwale, nyuma ya Kharumwa, wanapaita Kwa Mwigulu kwa jina la mwenye shamba. Kuna duara la zamani liliachwa miaka mingi, wanalifukua upya, wanasema mwamba wake wa dhahabu unaonekana kwa macho. Onesmo anataka kuhamisha watu wake. Kaka yako ameshaanza kuangalia kamba. Akiangalia kamba hivyo, mimi namjua, mwili uko hapa ila yeye ameshaondoka.

Euphrasia


Shinyanga Mjini
29 Julai 2025, jioni

Shemeji,

Shikamoo. Duara la zamani lililofungwa miaka ni baya kuliko lililolipuliwa jana. Hewa imelala humo muda wote huo. Nakuomba umzuie kaka kwa njia yoyote, hata kwa ugomvi.

Nimezisoma tena barua zako zote na nimekutana na maneno ambayo niliyapita nikifurahia sifa. Ulisema tovuti inafunguka hata bando likiisha. Nyepesi ndiyo, lakini bila bando haiwezi kufunguka, haina pa kutokea.

Fanya hivi. Zima data kabisa. Fungua ukurasa. Kisha unijibu mambo mawili: umefunguka? Na siku ya kwanza kabisa uliupataje, uliandika anwani mwenyewe, au uliukuta tayari kwenye simu?

Donatus


Mwakitolyo
1 Agosti 2025

Shemeji,

Umefunguka. Data imezimwa, bando sina, na umefunguka upesi kuliko nyimbo.

Mimi sikuandika anwani yoyote. Kaka yako alimpelekea anwani Wiliam, yule kijana mwenye kibanda karibu na karasha anayewajazia watu nyimbo na filamu kwenye memori kadi. Wiliam ana kompyuta. Aliishusha tovuti yako yote siku ile ile uliyotuandikia, akaiweka kwenye kadi zetu, yangu na ya kaka yako, kati ya kwaya na singeli. Na kwa kuwa ana roho nzuri, tangu siku hiyo kila anayekwenda kujaza nyimbo anawekewa na Pumua humo humo, bure. Nimemfuata nikamwambia ukurasa alionao ni wa zamani. Ameshangaa kabisa. "Si ndiyo hiyo hiyo, mama?" Nikashindwa kumgombeza, maana hata mimi niliamini ndiyo hiyo hiyo. Mtu akinakiliwa wimbo, wimbo haubadiliki nyuma yake.

Sasa nimeelewa. Wewe ulikuwa unasahihisha huko, na sisi tulikuwa tunasoma kilichoko mifukoni mwetu. Nimeelewa, na haijanisaidia.

Shemeji, wameondoka. Jana alfajiri, gari la Onesmo, na kamba, na kipimio, na kadi ya kaka yako ndani ya simu yake. Tuligombana juzi kama ulivyotaka, nikasema maneno mpaka jirani akaja, yakamwongezea haraka ya kuondoka. Simu yake haipatikani. Ya Onesmo haipatikani.

Salome nimemwacha kwa Lusia, tunapika naye pamoja. Nakwenda huko. Simu yangu ina chaji kidogo na sijui nitaichajia wapi, usinitafute, nikifika pazuri nitakuandikia.

Euphrasia


Kharumwa
3 Agosti 2025

Shemeji,

Sijui utaisoma lini. Na mimi nimekuja. Niliposoma barua yako nilichukua begi nikatoka bila hata kufunga kompyuta.

Nimefika Kwa Mwigulu nikakuta mashimo na majivu ya kupikia na mzee mmoja anaokota maturubai. Anasema watu wamehamia ng'ambo ya kilima. Ng'ambo ya kilima wanasema rashi iko kwa upande niliotoka. Nimeuliza duara la Onesmo, mmoja ameninyooshea mkono kulia, mwingine kushoto, wa tatu ameniuliza kama mimi ni mtu wa serikali na hapo wote wakaacha kuongea. Nimerudi Kharumwa nichaji simu. Jioni nitajaribu tena na bodaboda mwingine.

Wiliam nimemtumia kurasa mpya na ameahidi kuzibadilisha kwa kila anayerudi kujaza nyimbo. Lakini wachimbaji hawakai, shemeji. Waliojaziwa Mwakitolyo mwezi uliopita wameshatawanyika, wengine Segese, wengine Geita, na kila mmoja amekwenda na jina langu mfukoni linamwambia katikati. Nilijivunia kwamba kurasa zangu zinakaa vilevile mpaka nichapishe tena. Sikuwahi kujiuliza zinakaa wapi. Hata tarehe sikuziwekea.

Ukimfikia kaka kabla yangu, usibishane naye juu ya ukurasa. Ukurasa utakushinda. Mzuie asishuke, hilo tu.

Donatus


Segese
7 Agosti 2025

Shemeji Donatus,

Niko kwa mama yangu, Segese. Nimesoma barua yako ya Kharumwa leo. Wakati unaandika kwamba umerudi kuchaji simu, mimi nilikuwa nyuma ya kile kilima, upande ambao hakuna aliyekuonyesha.

Niliwapata asubuhi. Nilisikia sauti ya Onesmo kabla sijawaona. Kipimio kilikuwa kimeshateremshwa na simu ya kaka yako ilikuwa inazungushwa mkono kwa mkono kila mtu aone kijani. Kaka yako ndiye aliyechaguliwa kutangulia. Alikuwa ameshavaa tochi kichwani, mguu mmoja ndani ya ndoo ya kushukia.

Nikawaita kwa mbali nikasema wapime chini. Onesmo akasema huyu tena. Nikaeleza habari ya Wiliam na kadi, jinsi ulivyosahihisha, vyote, nikijitahidi nisilie. Nilivyokuwa naeleza nilijisikia mwenyewe kwamba haieleweki. Wakatoa simu zao. Kila simu iliyotolewa ilisema katikati, na mimi sikuwa na hata moja inayosema chini, yangu imezima. Mmoja akaniuliza kwa heshima kabisa, "Mama, tuamini maandishi ya shemeji yako au tukuamini wewe?" Kaka yako hakuniangalia. Akatia na mguu wa pili.

Wewe umezaliwa huku, unajua. Mwanamke hakaribii mdomo wa duara. Mimi miaka yote hii Mwakitolyo chakula nakiacha penye rundo la matimba, yale magogo ya kuegemezea kuta, naita, narudi nyuma. Wanaamini akikanyaga, dhahabu inahama, na duara linalazwa, halifanyiwi kazi, mpaka aje mzee wa mila kulitengeneza, na kabla ya hapo hashuki mtu hata umlipe. Sijui kama ni kweli. Najua tu kwamba wao hawana shaka nalo.

Nikavua ndala. Nikatembea mpaka pale, nikamshika kaka yako shati nikamvuta nje ya ndoo, nikakaa mimi kwenye mdomo wa duara, miguu inaning'inia ndani.

Hakuna aliyepiga kelele. Afadhali wangepiga. Kamba iliachiwa chini, watu wakarudi nyuma mmoja mmoja kama wamemwagiwa maji. Onesmo akasema duara limekufa, na akamwambia kaka yako kwamba ameoa msiba. Kaka yako alivua tochi kichwani. Halafu akaniambia, "Nenda kwenu." Si kwa hasira. Kwa upole ule wake. Sijawahi kuogopa neno kama nilivyoogopa hilo.

Nimekuja kwetu. Mama haniulizi, ananipa chai. Lusia atamleta Salome Jumamosi.

Sasa nijibu shemeji, na usinijibu kitabu. Wale watu waliuza mpaka baiskeli kufika pale. Kaka yako amedharauliwa mbele ya wenzake kwa ajili ya mkewe. Nilikuwa na neno lako tu, sikuwa na kingine. Chini ya lile duara kulikuwa na hewa mbaya, au hakukuwa nayo?

Euphrasia


Shinyanga Mjini
8 Agosti 2025

Shemeji,

Shikamoo.

Sijui. Nimeandika hapa mambo mengi nikayafuta, maana yote yalikuwa ni njia za kukwepa neno hilo. Sikuwepo, na hakuna aliyepima chini. Inawezekana kulikuwa na kifo, inawezekana kulikuwa na hewa safi kama ya hapa nilipokaa.

Kitu ninachokijua ni kwamba mimi ndiye niliyepaswa kukaa kwenye ule mdomo, si wewe. Wewe umelipia neno langu moja. Nimempigia kaka tangu jana, simu inaita, hapokei. Nimemtumia ujumbe kwamba kosa ni la kwangu na wewe ulisema kweli. Sijui kama kuna wa kumsomea.

Usipike kwa huzuni, mama yako atashindwa kula. Nitakuja Jumapili nimwone Salome na pengo lake.

Donatus


Kharumwa
13 Agosti 2025

Mdogo wangu Donatus,

Ni mimi Eliya. Naandika mwenyewe, sikumpa mtu. Nimeanza asubuhi na sasa jua limepinda, kwa hiyo usitafute makosa.

Ujumbe wako niliuona. Niliusoma polepole mpaka ukaingia.

Mzee wa kutengeneza duara alikuja juzi, akamaliza mambo yake. Jana tukaambiwa tunaweza kushuka. Onesmo akateremsha kipimio, katikati, kijani. Wakaniita nitangulie. Nikasema kwanza naishika kamba mimi. Wakaguna. Nikaiachia mpaka ikalegea mkononi. Nyekundu. Nikavuta juu, kijani. Nikashusha, nyekundu. Nilifanya hivyo mpaka mikono ikachoka, na kila mtu aliona.

Nikafikiri sasa wataelewa. Onesmo akasema, mnaona? Ndiyo hasara ya mwanamke kukanyaga, hewa imechafuka, mzee hakuimaliza kazi. Wote wakakubali. Wametuma tena mtu kumwita mzee. Wao wanaamini amewaharibia, na kwa ajili hiyo hiyo hawatashuka, kwa hiyo nimenyamaza. Wakae wanaamini hivyo hivyo, mradi wako juu.

Lakini mimi najua nilikuwa na miguu yote miwili ndani ya ndoo. Nimelala nikiwaza hilo na sikulala.

Nimempigia mama Salome. Alipokea, akasema "haloo," nikasikia sauti yake nikakata. Nimekaa naye miaka yote hii nikijua kusema nimechoka, nina njaa, tunalipua. Neno hili sina. Na nikienda Segese nikasimama mlangoni kwa mama yake bila neno nitaonekana nimefuata mpishi.

Nataka nimwandikie. Usiniandikie wewe, ataijua tu, wewe maneno yako ni marefu. Nimeshaandika jina lake, Euphrasia, hapo juu peke yake. Nimekwama hapo tangu jana. Baada ya jina, mdogo wangu, mtu anaandika nini?

Kaka yako,
Eliya